Mitandao Mikubwa: Inakufa au Inapona?



Katika muhula wa pili chama chetu kiliandaa mjadala. Hoja ilikuwa fupi: "Mitandao mikubwa ya kijamii inaelekea kaburini." Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono, nami nikajiandaa kama fahali anayenoa pembe. Niliposimama nilizitaja kampuni zilizofuta wafanyakazi kwa maelfu, nikautaja mtandao wa Twitter uliopoteza hata jina lake, kisha nikamalizia kwa kishindo kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Makofi yakalia. Nikaketi nikijiona msomi.

Ndipo dada mmoja wa Kidato cha Pili, mfupi wa kimo na mpole wa sauti, akainua mkono. "Ndugu msemaji," akasema, "unaposema inakufa, umehesabu nini? Umehesabu watu, pesa ama mazungumzo?"

Lo! Nikababaika kama kuku aliyenyeshewa. Mwenyekiti akagonga meza akasema muda umekwisha, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Kura zilipopigwa tulishindwa vibaya, na idadi yenyewe naomba nisiitaje. Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani likizo ya Agosti. Makala haya ni jibu langu, ingawa limechelewa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Facebook, Instagram, TikTok, X na wenzake ni mfano wa soko. Kuingia ni bure, hakuna askari wa kaunti anayekungoja mlangoni na risiti. Lakini mwenye soko hajatoa sadaka. Anachouza ni macho yako. Wenye bidhaa humlipa ili waweke matangazo yao pale unapopitisha kidole, na kadiri unavyokaa humo ndivyo anavyochuma. Jambo la pili ni kwamba soko ni watu. Mama wa mitumba huja Litein kwa kuwa wanunuzi wapo, na wanunuzi huja kwa kuwa yeye na wenzake wapo. Siku wauzaji kumi wakihamia kwingine, wanunuzi kadhaa watawafuata, na wauzaji waliobaki wataanza kuangaliana. Mtandao nao ni vivyo hivyo. Kinachoukuza upesi ndicho hicho hicho kinachouangusha upesi: kila mtu anamfuata mwenzake.

Na kuna iliyokufa kweli, msidhani ni vitisho vya wazee. MySpace ilianzishwa mwaka wa 2003. Mwaka wa 2005 kampuni ya News Corp ya Rupert Murdoch iliinunua kwa dola milioni 580, na mwaka uliofuata ilifikia hatua ya kutembelewa na Wamarekani wengi kuliko hata Google. Mwaka wa 2011 ikauzwa kwa dola milioni 35 hivi. Hebu fikiria mtu anunue ng'ombe wa gredi kwa shilingi laki moja, kisha baada ya miaka sita amuuze kwa elfu sita! Google nayo, pamoja na utajiri wake wote, ilifungua Google+ mwaka wa 2011 na kuifunga 2019, kwa maana watu walijiandikisha lakini hawakukaa.

Karibu na nyumbani, waulizeni kaka na dada zenu waliokuwa sekondari mwaka wa 2012 hivi kuhusu 2go na Mxit. Zote mbili zilitoka Afrika Kusini. Zilifanya kazi kwenye simu ndogo na zilikula data kidogo mno, hivyo mtu aliweza kupiga gumzo wiki nzima kwa shilingi chache. Binamu yangu anasema katika 2go ulikuwa ukipandishwa cheo kadiri unavyoshinda humo, na kwamba kuna vijana waliojivunia cheo hicho kuliko nafasi yao darasani. Kisha simu za kupangusa zikawa rahisi, WhatsApp ikaingia, na watu wakahama bila hata kuagana. Mxit ilitangaza kufunga biashara yake mwaka wa 2015. Binamu yangu hajui vyeo vyake vilienda wapi.

Kwa hiyo niliposimama kwenye mjadala nilikuwa na mifano hiyo kichwani, nikadhani Facebook yuko njiani kuwafuata. Na kwa kweli kulikuwa na siku ambapo hata wataalamu walidhani hivyo. Tarehe 2 Februari 2022 kampuni ya Meta, mwenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilitoa hesabu zake. Kwa mara ya kwanza tangu Mark Zuckerberg aanzishe Facebook mwaka wa 2004, idadi ya watu wanaoingia humo kila siku ilikuwa imepungua: kutoka bilioni 1.930 hadi bilioni 1.929. Tofauti hiyo ni ndogo sana. Lakini kesho yake hisa za kampuni zilishuka kwa asilimia 26, na thamani ya zaidi ya dola bilioni 230 ikayeyuka kwa siku moja. Hadi wakati huo hakuna kampuni ya Marekani iliyokuwa imepata pigo kama hilo kwa siku moja.

Sababu zilikuwa zaidi ya moja. TikTok ilikuwa imewavuta vijana. Aidha, mwaka wa 2021 kampuni ya Apple ilianza kuwauliza wenye simu zake kama wanakubali kufuatwafuatwa na programu, na wengi wakasema la. Meta wenyewe walikadiria kwamba jambo hilo lingewagharimu karibu dola bilioni 10 mwaka wa 2022. Juu ya hayo Zuckerberg alikuwa akimwaga mabilioni katika ndoto yake ya ulimwengu wa miwani, hadi akabadilisha jina la kampuni kwa ajili yake Oktoba 2021. Novemba 2022 akawafuta watu 11,000. Machi 2023 akatangaza wengine 10,000.

Hapa ndipo nilipokosea. Mtoto wa mkulima wa chai sikupaswa kukosea hapo.

Nyinyi mliolelewa huku mnajua kupogoa. Kila baada ya miaka mitatu au minne mchai hukatwa ukabaki vijiti vitupu. Mgeni akipita wakati huo ataapa kwamba shamba limekufa, na huenda akamhurumia mwenye shamba. Miezi kadhaa baadaye vichipukizi hutoka, na majani yake huwa laini kuliko ya mwanzo. Kinyume chake, mchai usioguswa kamwe hurefuka ukawa mti kabisa, mrefu kupita nyumba, na wala hauna faida kwa kiwanda. Basi nilipowaona watu 21,000 wakikatwa nilisema kifo, kumbe ilikuwa panga la kupogolea. (Nasema hivi nikijua kwamba kijiti cha mchai hakina watoto wa kulipiwa karo. Waliofutwa walikuwa nao.)

Facebook ilichipuka. Mwishoni mwa 2022 waliokuwa wakiingia kila siku walifika bilioni 2, na katikati ya 2023 waliokuwa wakiingia angalau mara moja kwa mwezi wakapita bilioni 3. Hisa zilizoanguka zikapanda tena mwaka huo karibu mara tatu. Kwa upande wa pesa na vichwa, basi, dada wa Kidato cha Pili alikuwa na haki ya kunicheka.

Twitter ni habari nyingine, maana si kila akatavyo mtu ni kupogoa. Elon Musk aliinunua mwishoni mwa Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44. Siku chache baadaye karibu nusu ya wafanyakazi 7,500 walikuwa wameonyeshwa mlango, na baadaye wengi zaidi. Ofisi pekee ya kampuni hiyo barani Afrika, iliyokuwa Accra nchini Ghana, ilikuwa imehamia jengo lake jipya kwa siku chache tu wafanyakazi wake walipopata barua pepe za kuachishwa kazi. Walioondolewa ni pamoja na waliokuwa wakizuia matusi na uongo, na watangazaji wengi wakubwa wakaondoka pia, kwa kuwa hakuna mwenye sabuni anayetaka sabuni yake ipangwe kando ya matusi. Julai 2023 jina likabadilishwa likawa X. Machi 2025 Musk aliiuza kwa kampuni yake nyingine, xAI, kwa hesabu iliyoipa thamani ya dola bilioni 33 baada ya kutoa madeni. Kutoka 44 hadi 33, tena akijiuzia mwenyewe!

Kwa pesa huo ni ugonjwa. Lakini je, kwa mazungumzo? Hapo sisi Wakenya ni mashahidi wa kinyume. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa ukijadiliwa Bungeni, ni wapi vijana walipopangia maandamano? Ni humo humo kwenye X, pamoja na TikTok. Waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama, wakapeana mahali pa kukutania na namba za mawakili. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bunge, watu wakauawa, na intaneti ikadorora nchini jioni hiyo. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi mswada ule. Tarehe 5 Julai yeye mwenyewe aliingia katika baraza la sauti la X kujibu maswali ya vijana, na waliosikiliza walikuwa wengi ajabu. Kama huo ni mtandao uliokufa, basi ni maiti yenye sauti kubwa.

Nikiwa nimefika hapo katika uchunguzi wangu nilikuwa karibu kuandika kwamba nilikosea kabisa na mambo yaishe. Kilichonizuia ni Kogo wangu na kilo zake za majani.

Kogo ni nyanya yangu, mzaa baba. Anaishi ng'ambo ya kijito, ana shamba dogo la chai, na ana simu ya mulika mwizi ambayo betri yake hukaa siku tano. Zamani habari za kituo chetu cha kupimia chai zilikuwa zikiwekwa kwenye ukurasa wa kijiji katika mtandao mmoja mkubwa (jina nalihifadhi). Lori limeharibika, leo hakuna kuchuma: iliandikwa pale. Mvua ya mawe imepiga upande wa juu: iliandikwa pale. Matanga, harambee, ng'ombe aliyepotea, vyote pale. Kogo hakuwa na ukurasa, lakini kijana yeyote aliyepita njiani alikuwa ameona, naye alimwambia. Habari ilikuwa imetundikwa hadharani kama nguo kwenye kamba, kila mpita njia anaiona.

Siku hizi ukurasa ule bado upo. Una watu wengi kuliko zamani. Lakini nilipoufungua Agosti kwa simu ya mama, habari ya mwisho ya kituo ilikuwa ya miezi mingi iliyopita, na chini yake kulikuwa na matangazo ya mikopo na mtu asiyejulikana anayeuza dawa ya nguvu. Watu wa kituo wamehamia kikundi cha WhatsApp. Wamo mama, mwenyekiti, karani na wengine wenye simu za kupangusa. Kogo hayumo. Vijana wanaopita njiani pia hawamo, maana wao si wakulima.

Basi Jumanne moja lori halikuja. Ujumbe ulitumwa asubuhi kwenye kikundi, mama akauona akiwa tayari yuko Kericho mjini, akadhani mtu mwingine atamfikishia Kogo. Kila mtu alidhani hivyo. Kogo alichuma tangu saa moja, akabeba mgongoni hadi kituoni, akaketi kwenye benchi akingoja peke yake. Majani mabichi yakikaa yameshindiliwa hupata joto, yakawa mekundu, na karani hayapokei hata umpigie magoti. Nilipomkuta jioni alikuwa ameyamwaga chini akiyapepea kwa leso, kana kwamba ni mtoto mwenye homa. Aliniuliza jambo moja tu: "Hawa watu wote wana simu. Walikuwa wakiambiana nini?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nilipochukua simu ya mama usiku ule nikafanya jaribio. Nilifungua ule mtandao mkubwa, nikapitisha vitu hamsini kimoja baada ya kingine, nikiandika kwenye karatasi ni nani aliyekiweka. Vya watu tunaowajua havikufika kumi. Vingine vyote vilikuwa video za wageni: mtu anapika, mtu anaanguka, mbwa anacheza dansi, mhubiri anapiga kelele, gari linauzwa. Ni vitu vizuri, sikatai, na mbwa yule nilimtazama mara mbili. Lakini baraza la kijiji halikuwemo.

Nilifikiri labda ni simu ya mama tu. Kumbe hata kampuni zenyewe zinakiri. Aprili 2025, katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliishtaki Meta kwa kuhodhi soko, mawakili wa Meta walionyesha mahakamani kwamba kati ya muda ambao watu hutumia Facebook, ni asilimia 17 tu inayotumika kutazama vitu vya marafiki. Miaka miwili kabla ya hapo ilikuwa asilimia 22. Kwa Instagram ilikuwa imeshuka kutoka 11 hadi 7. Meta walitoa takwimu hizo kwa kujitetea: walitaka jaji aone kwamba wao si mtandao wa marafiki tena, ila wanashindana na TikTok na YouTube katika kuonyesha video. Novemba 2025 jaji aliamua kesi kwa upande wao. Yaani walishinda kwa kuthibitisha kwamba kile kilichowapa jina kimebaki sehemu ndogo!

Tazama basi ilivyotokea. TikTok ilikuja na mbinu rahisi: haijali unamjua nani. Inatazama ni video gani imekuzuia kidole, kisha inakuletea nyingine kama hiyo, hata kama aliyeitengeneza yuko Jakarta. Sisi Wakenya tuliipokea kwa mikono miwili. Uchunguzi wa Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 2023 uliikuta Kenya ikiongoza nchi zote zilizochunguzwa, asilimia 54 ya waliohojiwa wakiitumia. Facebook na Instagram walipoona hivyo wakaiga. Video fupi za wageni zikajaa, watu wakakaa muda mrefu zaidi, matangazo yakaongezeka, pesa zikarudi. Huko ndiko kupona kwenyewe nilikokueleza hapo juu. Mchai ulichipuka, lakini kilichochipuka si chai ile ile.

Ndiyo maana namjibu dada yangu wa Kidato cha Pili kwamba ukihesabu watu na pesa, kubwa kuliko zote imepona na X inachechemea. Ukihesabu mazungumzo ya watu wanaojuana, yamepungua kwenye viwanja vyote vikubwa, nami sioni sababu ya kuyafanya yarudi. Mwenye soko atakurudishiaje habari za lori la chai, ambazo zinahusu watu mia moja, iwapo mbwa anayecheza dansi anawahusu milioni moja?

Mpinzani ataniambia, "Si yamehamia WhatsApp, na WhatsApp ni ya Meta hiyo hiyo?" Kweli, waliinunua mwaka wa 2014. Lakini WhatsApp si uwanja, ni chumba. Chumbani mna heri yake: hakuna wa kukutukana asiyekujua, na hakuna mwenye dawa ya nguvu. Hata hivyo chumba kina mlango, na aliye nje ya mlango ndiye Kogo. Kisha uongo ukiingia chumbani ni vigumu kuutoa, kwa kuwa anayejua ukweli huenda yuko chumba kingine. Kila mwaka majira ya bonasi yanapokaribia, vikundi vya huku kwetu hufurika picha za karatasi zenye viwango vya kila kiwanda, kila moja na muhuri wake, na zote hazifanani. Mzee mmoja jirani alikopa kwa kutegemea karatasi ya namna hiyo. WhatsApp wenyewe waliiona hatari hiyo, wakapunguza usambazaji: tangu Januari 2019 ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya watu au vikundi vitano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana hupelekwa kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa mara moja. Hiyo inapunguza kasi tu, haimwambii mtu lipi ni kweli.

Nisiwe mtu wa upande mmoja, ndiyo kosa lililoniponza kwenye mjadala. Uwanja wa wageni nao una manufaa yake. Mei 2023 vurugu zilipozuka Kericho na mashine za kuvuna chai zikachomwa katika mashamba makubwa, nchi nzima iliona kwa video za simu, na watu wasiowahi kuukanyaga mkoa huu wakaanza kuuliza kwa nini mtu achome mashine. Wakasikia kuhusu kazi zilizopotea. Kikundi cha WhatsApp kisingefanya hivyo. Tena kuna vijana wanaotafuta riziki humo. Machi 2024 Rais Ruto alitangaza pamoja na Nick Clegg, aliyekuwa mkubwa katika Meta, kwamba Wakenya waliotimiza masharti wangeanza kulipwa kwa video zao za Facebook na Instagram. Huku kwetu, ambako mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi, tangazo hilo lilisikilizwa kwa makini kuliko hotuba ya bajeti. Mimi nasema tu kwamba anayelipwa kwa macho ya wageni atawasemesha wageni. Hatangazi lori.

Halafu kuna Wakenya walioiona mitandao hii kutoka jikoni. Kwa miaka kadhaa machapisho ya Facebook kutoka sehemu kubwa ya Afrika yalisafishwa Nairobi, katika kampuni ya Sama, na vijana waliokuwa wakitazama mauaji na ukatili siku nzima ili sisi tusiyaone. Sama ilitangaza Januari 2023 kwamba inaacha kazi hiyo, na Machi mwaka huo 184 kati yao wakaenda mahakamani. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya haziwezi kuisikiliza kesi dhidi yake, lakini Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema zinaweza. Tunapouliza kama mtandao umepona, hao nao wana jibu lao kuhusu nani aliyeugua.

Turudi kituoni. Baada ya siku ile ya majani mekundu kulikuwa na mkutano mfupi, na mama alinyamaza sana humo kwa sababu alijiona mkosaji. Mtu mmoja alipendekeza Kogo anunuliwe simu ya kupangusa. Kogo akasema macho yake hayatoshi, na kwamba hataki kitu kinachokufa betri kabla ya yeye kulala. Mwingine akapendekeza kila mwenye simu apewe wazee wawili wa kuwapigia. Hilo lilikubaliwa, na mimi nikapewa Kogo na jirani yake kwa muda wote wa likizo.

Lakini nilikumbuka kwamba shule za msingi zilipobadilisha mbao zake, ubao mmoja mweusi ulibaki umeegemea ukuta wa stoo. Tuliuomba, tukapewa. Umepigiliwa misumari kwenye ukuta wa kituo, upande unaotazama barabara. Chaki huwekwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Karani akishatuma ujumbe kwenye kikundi huandika pia ubaoni, maneno manne au matano, na waendesha boda boda, ambao si wakulima na hawamo kikundini, husoma wakipita. Wiki ya mwisho ya likizo lori lilichelewa tena. Kabla sijatoka nyumbani kumpelekea Kogo habari, nilimkuta njiani akirudi na kikapu kitupu. Kijana wa boda alikuwa amempigia kelele kutoka ng'ambo ya kijito.